Pesa Iliyokosea Njia

Meseji inaingia: umepokea shilingi 250,000 kutoka kwa fulani, jina usilolijua, na salio lako jipya limenona ghafla. Humdai mtu, hujauza kitu, nyumbani hakuna harusi wala msiba wa kuchangiwa. Baada ya dakika chache namba ngeni inapiga. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, ni vigumu kupata mtaa usio na mtu aliyewahi kukosea namba, au aliyewahi kupokea pesa ya mtu aliyekosea. Tarakimu moja inatosha. Simu humwonyesha mtumaji jina la anayetumiwa kabla muamala haujakamilika, lakini mwenye haraka hasomi jina, na kidole kikishabonyeza pesa imeshaondoka. Ninachokishikilia katika makala haya ni kwamba pesa hiyo haijawahi kuwa yako hata kwa dakika moja, na kwamba kosa la aliyeituma halikupi haki yoyote juu yake. Ukiwauliza watu kumi jambo hili kijuujuu, wote kumi watakubali. Waulize tena wakati kodi ya nyumba inadaiwa, au mtumaji akiwa ni benki kubwa, ndipo utakapozisikia sababu za kuibakiza. Sababu hizo zina uzito kuliko tunavyopenda kukiri, na haki ni kuzijibu moja moja badala ya kuzikemea.

Tuanze na namna mali inavyohama. Kitu cha mtu kinakuwa changu kwa sababu ameniuzia, amenipa, amenirithisha, au alikuwa anadaiwa nami akalipa. Njia hizi hazifanani, lakini kila moja ina ama ridhaa ya mwenye mali au haki iliyokuwepo kabla. Qur'ani, katika Surat An-Nisaa aya ya 29, inakataza watu kuliana mali zao kwa batili, na inaacha wazi mlango wa biashara inayofanywa kwa kuridhiana. Ridhaa ndiyo nguzo. Sasa mtazame mama anayeuza chakula Mbagala, anayemtumia muuzaji wa jumla pesa ya gunia la mchele, akaandika saba mahali pa nne. Aliridhia kumlipa mtu mmoja anayemjua, kwa mchele atakaoupika kesho alfajiri. Kwako wewe hakuridhia chochote. Hata kuwepo kwako hakujui. Huwezi kuita zawadi kitu ambacho mtoaji hakujua kuwa anakitoa. Wanasheria waliliona hili zamani sana. Warumi walikuwa na shauri maalumu la kudai kilicholipwa bila kudaiwa, na kifungu cha 72 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania, kilichofuata mfano wa sheria ya India ya mwaka 1872, kinamtaka aliyelipwa kwa makosa arudishe. Sheria hapa haikubuni wajibu mpya. Iliukuta.

Pingamizi la kwanza ni la uzembe: yeye ndiye aliyekosea, basi alipie uzembe wake. Kesi maarufu ya Kiingereza ya mwaka 1841, Kelly dhidi ya Solari, ilikutana na hoja hii katika sura ngumu kabisa. Mtu alikuwa na bima ya maisha, akakosa kulipa ada yake ya mwisho, kisha akafariki. Bima ilikuwa imekwisha nguvu, na wakurugenzi wa kampuni walikuwa wameambiwa hivyo. Mmoja wao aliandika kwa penseli kwenye hati yenyewe kwamba imekwisha. Mjane alipokuja kudai wakamlipa. Baadaye wakakumbuka, wakataka pesa zao. Ni vigumu kuwaonea huruma: wao matajiri, yeye mjane, na ushahidi wa uzembe wao uko kwenye karatasi waliyoishika mikononi. Hata hivyo mahakama ilisema kwamba ikiwa kweli walilipa kwa kusahau, uzembe wao hauwazuii kudai. Sababu yake inaeleweka ukiitazama kwa utulivu. Uzembe unaweza kumpa aliyeumizwa haki ya kufidiwa. Aliyepokea pesa kwa makosa hakuumizwa na chochote, amepata. Kwa msingi gani basi adhabu ya mzembe iishie mfukoni mwake? Kama mtumaji anastahili funzo, hofu na usumbufu alioupata ni funzo tosha, na gharama ya kurudisha pesa ni haki kabisa aibebe yeye. Makato ya muamala yakatwe kwenye hiyo hiyo pesa, na hakuna mwenye akili atakayekulaumu.

Ipo hoja ya pili inayosemwa kwa sauti ya chini, nayo ni ya kutojua: sikujua ni ya nani, sikujua kama ni makosa. Kutojua kwa kweli ni udhuru, na nitaurudia baadaye. Lakini angalia watu wanavyofanya pesa isiyotarajiwa inapoingia. Wanazima simu. Wanakimbilia kwa wakala kabla ya jioni na kutoa yote, hata yule ambaye kwa kawaida hutoa elfu kumi kumi ili kukwepa kishawishi. Anayepewa zawadi humpigia mtoaji kumshukuru, hatoroki. Haraka ile ni ungamo. Machi 2024, hitilafu ya mfumo katika Benki ya Biashara ya Ethiopia iliwawezesha wateja kutoa pesa kuliko walizokuwa nazo, na habari ilipowafikia wanafunzi wa vyuo vikuu, foleni zilijaa kwenye mashine za ATM vyuoni usiku ule ule. Kama walidhani pesa ni zao, kwa nini zisingesubiri asubuhi? Wengi walizirudisha baada ya benki kuahidi kutowashtaki watakaorudisha, na waliokaidi picha na majina yao yakatangazwa. Kumbukumbu la Torati 22 lina amri inayomgusa mtu wa namna hii. Inazungumzia ng'ombe au kondoo wa ndugu aliyepotea, na haikomi kwenye kusema mrudishie. Inamkataza aliyemwona kujitenga kana kwamba hakuona. Na kabla yake, Kutoka 23 inadai hivyo hivyo hata kwa mnyama wa adui yako. Kwa hiyo wajibu unaanza pale ujuzi unapoanza, na anayejikinga na ujuzi kwa kuzima simu ameshaujua ule anaoukimbia.

Hoja ya watu wa dini ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inatoka kwenye vinywa vinavyomcha Mungu: nilikuwa nimeomba, na Mungu amejibu. Anayesema hivi mara nyingi hasemi uongo kuhusu maombi yake. Aliamka usiku, alifunga, alilia, na asubuhi pesa ikaingia. Nani atamwambia kwamba haikuwa jibu? Kisa cha Yusufu na ndugu zake kinatoa jawabu ambalo sijaona bora yake. Wana wa Yakobo walishuka Misri kununua nafaka wakati wa njaa, wakalipa fedha, na waliporudi Kanaani wakaikuta fedha yao yote midomoni mwa magunia. Nyumbani kulikuwa na njaa. Fedha ilikuwa yao ya jana, iliyorudi bila wao kuiba. Kama kuna watu waliokuwa na sababu ya kusema Mungu ameona shida yetu, ni wao. Lakini katika Mwanzo 43, baba yao mzee aliwaagiza wabebe fedha mara mbili, ya kununulia nafaka mpya na ile iliyorudi, akisema huenda ilitokea kwa kukosea. Walipofika walimweleza msimamizi wa nyumba ya Yusufu mlangoni, kabla hata hajauliza. Hapo ndipo msimamizi alipowatuliza: Mungu wenu ndiye aliyewapa hazina ile, mimi fedha yenu niliipokea. Tazama nani aliyetamka kwamba ni kipawa cha Mungu. Ni mtu wa upande wa mwenye mali, aliyejua siri ya fedha ile, na alilitamka baada ya fedha kuletwa mezani. Ndugu wale hawakujitangazia wenyewe. Qur'ani inakisimulia kisa hiki katika Surat Yusuf, na miongoni mwa sababu ambazo wafasiri wamezitaja, Ibn Kathir akiwemo, za Yusuf kurudisha bidhaa zao mizigoni ni kwamba alijua wakizikuta watasita kuzishika, na kusita huko kutawarudisha kwake. Alitegemea uaminifu wao kama mtu anavyotegemea mvua za masika. Basi aliyeomba na akapokea pesa ya mgeni anaweza kuamini kwamba Mungu amemsikia; lakini huenda alichopewa ni nafasi ya kuonekana alivyo. Mungu akitaka kumpa pesa ile, anaweza kumpa kupitia mwenyewe, akisema kwa kinywa chake, baki nayo.

Umaskini nao haupaswi kupuuzwa. Mahubiri juu ya uaminifu hutolewa mara nyingi na walioshiba, na anayesikiliza ana haki ya kuuliza kama msemaji amewahi kulala njaa. Agostino wa Hippo, katika hotuba yake ya 178, alisimulia habari za mtu maskini wa Milano, msaidizi wa mwalimu wa sarufi, aliyeokota mfuko wenye sarafu za dhahabu zipatazo 200. Aliweka tangazo hadharani. Mwenye mfuko akaja, akaeleza alama zake, akarudishiwa. Kwa shukrani akampa sarafu 20, maskini akakataa. Akashusha hadi kumi, akakataa. Hadi tano, akakataa. Mwishowe alipokubali kupokea, aligawa yote kwa maskini wenzake. Sikitaji kisa hiki ili kumwaibisha mwenye shida. Mtu yule alivuka mpaka wa wajibu, na kupokea shukrani si kosa. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha kwamba maskini wamekuwa wakiubeba wajibu huu bila kusubiri wapunguziwe. Halafu, katika pesa za simu, mtumaji ni nani? Kwa kawaida ni mtu wa hali ile ile: ada ya mtoto iliyochangwa na ndugu wanne, nauli ya mgonjwa, marejesho ya kikoba. Aliye katika dharura ya kufa ana ruhusa yake. Wanazuoni wa Kiislamu wanamruhusu ale cha mtu kiasi cha kuokoa roho, na Thoma wa Akwino naye alifundisha hivyo. Lakini ruhusa ile ina kipimo, na kwa wanafikihi wengi anayeitumia anabaki na deni. Haifiki kwenye simu mpya.

Kuna hali moja ambayo teknolojia imeifanya kuwa ngumu kuliko wahenga walivyoweza kudhani. Tangu Januari 2019 Wakenya wana Fuliza, inayomwezesha mteja wa M-Pesa kukamilisha muamala hata salio lisipotosha, na pesa yoyote itakayoingia baadaye inakatwa yenyewe kulipa deni. Chukua mtu anayedaiwa shilingi 3,000. Mgeni anakosea namba, 3,000 zinaingia na kumezwa papo hapo. Mpokeaji hajagusa hata senti. Akipigiwa anajibu kweli tupu: mama, sina hiyo pesa, imekatwa. Je, ana wajibu gani? Ukweli wake ni nusu. Deni lake limefutika, na limefutwa kwa jasho la mgeni. Hakuna kilichotoweka, amebadilisha mdai tu. Jana alidaiwa na Fuliza, leo anadaiwa na mama huyu. Anachoweza kukidai kwa haki ni muda, kwa sababu hakuchagua kulipa deni lile siku ile, na mgeni anapaswa kumvumilia kama mtu anavyomvumilia mkopaji mwema.

Wakubwa nao waliwahi kuingia kwenye mtego unaofanana na huo, wakaonyesha jinsi hoja ya deni inavyoteleza. Agosti 2020 Citibank, ikishughulikia mkopo wa kampuni ya vipodozi ya Revlon, ilikusudia kuwalipa wakopeshaji riba ya dola takriban milioni 8. Kwa kosa la kujaza fomu ya kompyuta ikawatumia karibu dola milioni 900. Wapo waliorudisha. Wengine, wakiwa na takriban milioni 500, walikataa: tulikuwa tunadai, tumelipwa, mjadala umefungwa. Februari 2021 jaji mmoja wa New York aliwapa haki. Septemba 2022 mahakama ya rufaa ikaitengua hukumu hiyo, kwa sababu mkopo ulikuwa haujafikia muda wa kulipwa na kwa sababu dalili za kosa zilimtaka mtu makini aulize kwanza. Nadhani rufaa ilikuwa sahihi, ingawa nakiri kwamba mizani hubadilika pale unapotumiwa pesa na yule yule unayemdai, deni likiwa limefika muda na halina ubishi. Citibank haikuwa mdaiwa. Kuichukulia pesa yake kwa sababu Revlon ina deni ni sawa na kumkamata shemeji kwa kosa la mume.

Niliahidi kuurudia udhuru wa kutojua. Mwalimu anayelipwa malimbikizo ya mshahara baada ya kusubiri miaka hawezi kujua kwamba mhasibu alizidisha, maana hata yeye hana hesabu kamili ya madai yake. Akizitumia kwa nia safi, kisha barua ikaja miaka miwili baadaye kudai zote kwa mkupuo, haki inaonekana kumgeukia. Mahakama za Uingereza zilichukua muda mrefu kuliona hili. Ni mwaka 1991, katika kesi ya Lipkin Gorman, ndipo zilipokubali waziwazi kwamba aliyebadilisha hali yake kwa nia njema asilazimishwe kurudi alikokuwa kwa hasara. Huo ni uamuzi wa haki, na unaimarisha hoja yangu badala ya kuidhoofisha: kinachopimwa ni nia na ujuzi. Kwa kipimo hicho hicho, familia inayoendelea kutoa kwenye ATM mshahara wa mtumishi aliyekwisha kuzikwa haina pa kujificha. Tanzania ilipoanza kuwasaka watumishi hewa mwaka 2016, zaidi ya 10,000 waliondolewa kwenye orodha ya malipo kwa muda mfupi. Serikali ilikuwa imezembea kwa miaka. Lakini nyuma ya namna hii ya mishahara kuna mtu aliyejua tarehe ya msiba.

Watu wa sasa wana hoja ambayo Agostino hakuijua: matapeli. Mtanzania mwenye simu amekwisha kupokea ujumbe unaosema ile hela utume kwenye namba hii. Wapo wanaotuma meseji bandia ya muamala, kisha wanakupigia wakilia urudishe pesa ambayo haikuingia. Wajanja zaidi wanatuma pesa ya kweli, wanakuomba uwarudishie, na wakati huo huo wanaomba kampuni ya simu irudishe muamala, ili walipwe mara mbili. Hofu hii ni ya haki. Lakini inakufundisha namna ya kurudisha. Haikuondolei wajibu wa kurudisha. Unayewajibika kwake ni mwenye pesa, na sauti inayolia kwenye simu huenda siye. Tazama salio lako halisi, usitegemee meseji. Usitume kitu kwa anayepiga. Iache pesa ilipo, piga huduma kwa wateja, sema ilikotoka, kubali muamala urudishwe kwa njia yao. Mkweli hatapoteza chochote kwa utaratibu huu ila saa chache za wasiwasi, na tapeli hatapata kitu. Anayejificha nyuma ya matapeli ili abaki na pesa amejiunga nao kwa mlango mwingine.

Na mwenyewe asipojulikana kabisa? Fikihi ya vilivyookotwa ina jibu la vitendo. Katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza aliyeuliza atambue mfuko na kamba yake, atangaze mwaka mzima, na hata akiruhusiwa kutumia baadaye, mwenyewe akija alipwe. Mwaka mzima! Sisi tunaona kusubiri hadi kesho ni kujitesa.

Linabaki lile pingamizi la ukubwa wa kampuni, nami nimeliacha hadi mwisho kwa sababu lina kweli ndani yake. Watu wanasema kampuni zinatukata bila haki na hazirudishi mpaka upige simu mara kumi, basi zikikosea nasi tubaki nazo. Hasira hiyo naielewa, na wanaoendesha kampuni hizi wanapaswa kuisikia. Ila kisasi kinachochukuliwa na mtu mmoja gizani hakimfikii mwenye kosa. Mara nyingi anayekatwa fidia ni keshia wa kaunta aliyehesabu vibaya jioni ya mwisho wa mwezi. Dawa ya dhuluma ya wakubwa ni kuwabana kwa kanuni ile ile inayotubana sisi. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2011 ilipotunga sheria ya mali za kifedha zisizodaiwa na kuunda mamlaka ya kuzisimamia, UFAA. Benki, kampuni za bima na kampuni za simu zinazokalia salio la mtu aliyefariki au aliyesahau akaunti yake haziruhusiwi kulihesabu kuwa faida. Zinatakiwa kumtafuta mwenyewe, na zisipompata zilikabidhi kwa mamlaka, ambako yeye au warithi wake wanaweza kwenda na vitambulisho vyao wakadai. Kila nchi yetu inahitaji sheria ya namna hiyo, na inahitaji mtu wa kupokea simu haraka pale mama wa Mbagala anapopiga kusema amekosea namba.